Steringi Mmoja, Filamu Tatu: Namna Ninavyozichambua

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kipo Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12. Jumamosi asubuhi huifunika cherehani kwa khanga, nikapanda baiskeli hadi kwenye redio moja ya hapa mjini ambako nina dakika saba za kuzungumzia filamu. Dakika saba basi, kati ya matangazo ya mbegu na salamu za wagonjwa. Wananipa nauli tu, na kwa kuwa baiskeli haidai nauli, hiyo ndiyo faida yangu. Lakini nikipita soko la Mgandini watu wananisimamisha: "Bi Fundi, wiki hii umetushonea nini?" Siku hizi kuna na vijana wanaokuja kibarazani bila nguo ya kushona. Wanataka kujua uchambuzi unaandikwaje. Nimeshachoka kueleza kipande kipande huku nimebana pini mdomoni, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Usianze na filamu moja, wala usianze na kumi. Mchukue mwigizaji mmoja wa kike, tafuta filamu zake tatu za miaka ya karibuni ambazo yeye ndiye steringi, yaani mhusika mkuu, uzichambue kwa mpigo. Filamu moja peke yake inadanganya. Ukimwona mwanamke analia ukalia naye, hujui kama ni kipaji chake, au ni muziki uliowekwa pale, au ni kamera iliyomsogelea mpaka puani. Ukimwona katika tatu, hadithi imebadilika, mwongozaji amebadilika, mji umebadilika, naye ni yule yule. Ni kama jora la kitambaa: likitoka gauni, likatoka shati, likatoka na pazia, ndipo fundi anajua linavuta wapi na linakunjamana wapi.

Nitawaonyesha kwa Lupita Nyong'o, kwa sababu ndiye niliyemchambua mwisho na kaunta buku langu bado limejaa habari zake. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983 kwa wazazi Wakenya, akakulia Kenya, na mwaka 2014 akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Hayo kila mtu anayajua, na ukiyasoma redioni yanakula dakika moja bila kumwambia msikilizaji chochote kuhusu kazi yake. Yaweke katika sentensi moja, upite.

Kosa jingine la mwanzoni ni uzuri. Mara ya kwanza nilipomzungumzia nilitumia karibu dakika nne nikisifu rangi yake, shingo yake, na gauni la buluu alilovaa siku ya kupokea tuzo. Fundi ni fundi, gauni lilinishika. Nilipotoka, mzee mmoja anayeuza kahawa karibu na kibaraza changu akaniambia, "Bi Fundi, leo umetupa vipimo vya mwanamke, filamu hukutupa." Sikulala vizuri.

Basi, kuchagua. Nilichukua Us ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jordan Peele; A Quiet Place: Day One ya 2024, ya Michael Sarnoski; na The Wild Robot ya 2024 pia, ya Chris Sanders. Vijana wakaniuliza mbona Black Panther sijaiweka, na yeye yumo. Yumo, lakini filamu haimtegemei yeye. Ukimtoa Nakia, mhusika anayemcheza, nchi yao ya Wakanda inaendelea kusimama. Queen of Katwe ya 2016 naipenda sana, ila humo yeye ni mama, na steringi ni yule binti anayecheza chesi. Kanuni yangu ni fupi: mtoe mwigizaji, uone kama nyumba inaanguka. Isipoanguka, filamu hiyo haimo katika tatu zako.

Kabla ya kubonyeza chochote, jiulize unatazama nakala gani. Hapa sitaki tuelewane vibaya. Mimi nimekulia kwenye filamu zilizotafsiriwa, tangu enzi za mfasiri Lufufu, sauti moja inamsemea steringi, inamsemea adui, inamsemea mtoto, hata mbwa akibweka anasemewa. Mfasiri hodari naye ni msanii, na siku moja nitampa dakika zangu saba. Lakini humo kwenye nakala yake unamchambua yeye, mwigizaji amefunikwa. Day One niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, yaani banda la video, imetafsiriwa. Hiyo ni filamu ambayo watu wote wamefumba midomo ili wasiuawe, na mfasiri hakunyamaza hata dakika moja. Paka alimpa maneno. Tulicheka mpaka basi, nikarudi nyumbani sina la kuandika. Ikabidi nimngoje mpwa wangu aje kutoka Dar na kompyuta yake, ana akaunti anayoilipia, tuzitazame zote tatu katika sauti zao wenyewe. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Mpwa alikuwa akinong'oneza pale panapohitajika. Kwa kazi hii kinatosha.

Hesabu na muda wako. Us ni dakika 116, Day One ni 99, The Wild Robot ni 102. Jumla 317, yaani saa tano na robo. Mimi hutazama kila filamu mara tatu, kwa hiyo karibu saa kumi na sita, na umeme ukikatika ongeza. Nilizigawa kwa wiki mbili, usiku, baada ya kupiga pasi nguo za wateja.

Mara ya kwanza usiandike kitu. Kaa kama mtazamaji wa kawaida, ogopa, cheka, kasirika. Watu wanaoshika kalamu tangu dakika ya kwanza huishia kuandika hadithi nzima: "kisha akaenda, kisha akaja". Ukimaliza zima, kalale. Asubuhi, kabla hujaongea na mtu, andika vitu vitatu tu unavyovikumbuka. Vile ambavyo usiku haukuvifuta ndivyo filamu iliyokuachia. Mimi asubuhi ya Us niliandika: mkasi, ovaroli nyekundu, koo. Ya Day One: mvua, piza, kimya. Ya Wild Robot: "anajifunza kusema." Nilipoyaweka pamoja nikaona yanaelekea mahali pamoja, lakini sikupaona vizuri mpaka mavyaa wangu aliponionyesha.

Mama yule, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Hukaa nasi sebuleni kwa ajili ya mazungumzo, na Kiingereza hajui neno. Usiku wa Us akauliza, "Hao wanawake wawili, yule mwenye koo bovu anaumwa nini?" Nikamwambia, mama, si wawili, ni mtu mmoja huyo huyo. Akakataa kabisa, akadhani namfanyia mzaha. Usiku wa Wild Robot nikamuuliza kama anamjua anayesema. Akasikiliza, akasema, "Huyu ni binti wa kwenye simu, yule wa salio lako halitoshi." Baadaye sana, filamu inakaribia mwisho, akasema pole pole, "Binti wa simu amekuwa mama." Na Day One je? Alilala. Akaamka katikati akauliza kama tumezima televisheni.

Hapo uzi ukapatikana. Filamu moja ana sauti mbili, nyingine hana ruhusa ya kuitumia sauti, ya tatu hana kitu kingine isipokuwa sauti. Sikuupanga mimi, wala sidhani kama Lupita aliupanga. Lakini ukimtazama mwigizaji mmoja katika filamu tatu, uzi kama huo huwapo, na kazi yako ni kuushika mmoja uuvute. Kwa mwigizaji mwingine utakuwa mikono, au mwendo, au namna anavyosikiliza wenzake wakisema. Usivute nyuzi nne. Nguo inafumuka.

Mara ya pili ndipo kaunta buku linafunguliwa. Chora mistari miwili upate safu tatu: dakika ya ngapi, amefanya nini, mimi nimepatwa na nini. Safu ya tatu usiiache. Kila unapojikuta umekunja vidole vya miguu, sitisha filamu, rudisha nyuma, angalia ni nini hasa alichofanya kikakukunja vidole. Jibu la "ameigiza vizuri" halikubaliki katika safu ya pili. Andika kitendo: amepepesa macho, ameshusha bega, amevuta pumzi kabla ya kujibu.

Nianze na Us, maana ndiyo tajiri. Mama mmoja, Adelaide, anakwenda na mumewe na watoto wawili kupumzika ufukweni Santa Cruz, California, mahali ambapo alipokuwa mtoto, mwaka 1986, alipotea usiku kwenye nyumba ya vioo na kukutana na mtoto anayefanana naye. Usiku watu wanne wanasimama mbele ya nyumba yao, wamevaa ovaroli nyekundu, glovu moja moja ya ngozi, mikononi wameshika mikasi ya rangi ya dhahabu. Ni wao wenyewe. Lupita anacheza mama na anacheza yule aliyekuja kumwua. Kwa lugha ya kibandani: steringi ni yeye, na adui ni yeye.

Nakiri mimi nilikuwa na la ziada hapo. Mkasi nimeushika miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kuuogopa mpaka filamu ile. Jambo kama hilo, linalokugusa kwa sababu ya maisha yako, liseme. Msikilizaji anataka kujua anaongea na nani. Sentensi moja, mbili, kisha urudi kwa mwigizaji.

Katika daftari langu mstari mrefu kuliko yote ni pale yule mwenye ovaroli anapokaa kitini na kuanza kuwasimulia. Wenzake watatu hawana maneno, wana milio tu. Yeye anasema, na anasimulia kama paukwa pakawa, palikuwa na msichana na kivuli chake. Lakini sauti inatoka kama inavutwa kwa kamba kisimani: inakwama, inakatika, inavutwa tena. Uso hautikisiki. Macho hayapepesi. Sasa rudi nyuma mpaka mchana ule ufukweni, Adelaide anapozungumza na rafiki yao na kumwambia kwamba kuongea tu kunamwia vigumu. Mara ya kwanza sentensi hiyo inapita kama aibu ya mtu mpole. Mara ya pili niliandika "NGUMU KUONGEA" kwa herufi kubwa nikaizungushia duara. Na tazama kadiri usiku unavyokwenda, mama yule mpole anapopigania watoto wake, anaanza kutoa milio gani. Sauti ile ya koo bovu ina sababu yake, na sababu iko mwishoni mwa filamu. Mimi siisemi hapa, na wewe usiiseme.

Hili la kutosema nilijifunza kwa fedheha. Niliwahi kufichua mwisho wa filamu hewani, filamu nyingine, na Jumatatu mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni lake la harusi halijatiwa hata zipu. Alisema alikuwa ameipanga ile filamu na mchumba wake Jumapili, nimewaharibia uhondo. Gauni lilimaliziwa na fundi wa barabara ya 9. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kueleza theluthi ya kwanza ya hadithi tu. Baada ya hapo nazungumzia mwigizaji, na matukio ya mbele nayataja bila kusema yanasababishwa na nini.

Baada ya kutazama, si kabla, soma mwigizaji mwenyewe alisema nini. Lupita alieleza kwamba sauti ile aliijenga kwa kuanzia kwenye ugonjwa wa kweli, spazmodiki disfonia, unaokaza misuli ya koo mtu anapotaka kusema. Watu wenye ugonjwa huo walilalamika kwamba sauti yao imefanywa sauti ya kutisha, naye akaomba radhi. Mchambuzi afanye nini na habari hiyo? Mimi niliyataja yote mawili: kwamba ni ufundi wa hali ya juu, na kwamba kuna mtu ameketi kwake Tanga au kokote, anasema hivyo hivyo kila siku, na majirani watamkumbuka adui mwenye mkasi. Yote mawili ni kweli, sikuona haja ya kuchagua moja.

Day One inaanza kwa maandishi yanayosema mji wa New York kwa wastani unatoa kelele ya desibeli 90, sawa na mtu anayepiga ukelele bila kukoma. Nikawaza Ngamiani siku ya mechi ya Coastal Union. Wanashuka viumbe wasioona ila wanasikia sana, na anayetoa sauti anakufa. Lupita ni Samira, mshairi, mgonjwa wa saratani ambaye tangu dakika za mwanzo tunajua hana siku nyingi. Anaonekana kwanza akiwasomea wagonjwa wenzake shairi la kutukana mahali walipo. Anatamani jambo moja, kula piza huko mjini, na ana paka wake, Frodo.

Huku kwetu tunasema steringi hafi. Ndiyo raha yake: akitumbukia mtoni tunajua atatoka. Sasa hapa steringi amekwisha kuhukumiwa na daktari kabla dubwana la kwanza halijatua, na mtu wa namna hiyo anaogopa tofauti. Hilo ndilo la kutafuta kwa macho. Angalia wengine wanavyokimbia kuelekea kwenye boti, naye anakwenda kinyume chao, taratibu, kama mtu anayekwenda dukani. Uoga wake haupo kwenye miguu. Upo shingoni na kwenye vidole anavyomshika paka.

Filamu hii ndiyo iliyonifundisha kutazama mara ya tatu bila sauti. Zima sauti kabisa. Katika filamu nyingi utagundua mwigizaji anayebebwa na muziki, maana ukizima anabaki kama mtu anayesubiri bajaji. Lupita hakupungua kitu. Kisha rudisha sauti, uende pale penye radi. Yeye na kijana Mwingereza aliyekutana naye, Eric, wanangoja radi ipige ndipo wapige ukelele, kwa sababu radi inawafunika. Dakika zote hizo hajatumia koo, na analitumia pale. Mimi nililia. Niliandika kwenye safu ya tatu: "nimelia kwa kelele, si kwa kilio."

Na madubwana? Madubwana ni madubwana. Nimeyapa nusu sentensi redioni na hakuna aliyelalamika.

Paka nilimpa zaidi, kwa sababu Lupita alisema mwenyewe alikuwa anaogopa paka kabla ya filamu hii, ikabidi azoeshwe. Frodo alichezwa na paka wawili. Nikaona kichekesho: kwenye Us mtu mmoja anacheza wawili, humu paka wawili wanacheza mmoja. Maneno madogo kama hayo yanafaa kumwamsha msikilizaji dakika ya nne, anapoanza kufikiria chai.

The Wild Robot ni ya katuni, na vijana wengi wananiambia katuni si uigizaji. Wakae chini. Roboti anayeitwa Roz anaachwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na binadamu. Hana mdomo, ana taa na lenzi mahali pa macho. Anaketi kimya akiwasikiliza wanyama mpaka anakijua kisemwacho chao, na baada ya ajali iliyoharibu kiota anabaki na kifaranga mmoja wa bata bukini ambaye lazima afundishwe kula, kuogelea na kuruka kabla baridi haijafika. Hapa Lupita haonekani hata ukucha. Steringi asiyeonekana. Sauti ikikosea, hakuna uso wa kuiokoa.

Njia ya kuichambua ni kugeuza kiti. Niliipa televisheni mgongo, nikakaa kama mavyaa anavyokaa. Ukifanya hivyo unasikia kazi yenyewe: mwanzoni kila sentensi inaisha kwa kupanda, kama muuzaji wa simu aliyefunzwa kutabasamu, na maneno yote yana uzito mmoja, "hatari" na "habari za asubuhi" ni sawa. Kisha uzito unaanza kutofautiana. Kunakuwa na vituo. Anaanza kusita kabla ya kumjibu yule kifaranga. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole useme hapa ndipo alipogeuka, nami nilirudisha nyuma mara sita nikitafuta. Mshono usioonekana ni mgumu kuushona, muulize fundi yeyote wa makoti.

Ila sehemu ya mwisho yenye mapigano ya maroboti iliniacha baridi. Niliona filamu imeacha kumwamini Roz ikaziamini fataki. Na Us nayo ina maelezo marefu ya chini ya ardhi ambayo ingefaa yapunguzwe kwa mkasi ule ule wa dhahabu. Kasoro ziseme namna hiyo: onyesha mahali, sema ilikufanya nini. "Filamu ina mapungufu kadhaa" ni maneno ya mtu anayeogopa.

Na sasa kuandika kwenyewe. Kuna maneno mawili nimeyapiga marufuku kibarazani. La kwanza ni "ameitendea haki". La pili, "ameuvaa uhusika". Mimi ni fundi. Ukiniambia ameuvaa, nitakuuliza umemkaaje? Unambana wapi? Mikono imefika? Ukiweza kujibu hayo huna haja tena ya kusema ameuvaa.

Usipange nyota tano, nne na nusu. Usiwe pia na sura tatu zinazolingana, dakika mbili mbili kila filamu, kama unawagawia watoto chapati. Us niliipa dakika tatu na nusu, Day One mbili, Wild Robot moja na kidogo. Majina ya waongozaji na waigizaji yanakili kutoka kwenye maandishi ya mwisho wa filamu, herufi kwa herufi, usitegemee kumbukumbu ya mpwa wako. Niliwahi kumwita Peele "Peter" hewani.

Hii ni aya niliyoanzia Jumamosi ile, mwaweza kuipima wenyewe:

"Kuna mwanamke ambaye ukimfumba mdomo bado anasema, na ukimfuta uso bado anaonekana. Mwaka 2019 Lupita Nyong'o alisimama mbele ya nafsi yake na mkasi mkononi, na mavyaa wangu asiyeona akaapa kwamba wale ni watu wawili. Mwaka 2024 akanyamazishwa na madubwana, na mwaka huo huo akafanywa roboti asiye na mdomo. Leo nitawaambia koo moja limepitaje katika filamu tatu, na kwa nini mojawapo msiitazame peke yenu usiku."

Angalieni: hamna sifa hata moja humo. Hamna "mahiri", hamna "gwiji". Kuna aliyoyafanya, na kuna bibi mmoja wa Ngamiani. Sentensi ya mwisho ni ya kumzuia mtu asizime redio, nakiri, ila baadaye niliitimiza.

Njia hii nimeijaribu pia kwa waigizaji wetu wa Bongo muvi, na inafanya kazi, ingawa lazima uwe na subira na mhusika anayeamka usingizini wanja haujatibuka na wigi limechanwa. Kuna dada mmoja nilikuwa namdharau kwa sababu ya hadithi anazopewa, kila siku yeye ni wifi mbaya. Nikamtazama katika tatu, sauti nimezima. Mikono yake! Anamenya ndizi kama mtu aliyemenya ndizi maisha yake yote, na anapotaka kusema uongo kisu kinaenda polepole. Waongozaji wake hawajaliona hilo, kamera iko usoni muda wote. Nilipolisema hewani, simu tatu zilipigwa, moja ya mwanamke aliyeniambia amerudi kuitazama upya akiangalia mikono tu.

Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajaiona filamu, saa ikiwa mezani. Mahali anapotazama pembeni, kata. Mahali anapouliza swali, usimjibu. Acha nafasi ya swali hilo hivyo hivyo kwenye maandishi.

Mimi humsomea mavyaa Ijumaa usiku. Aliisikiliza yote, Us akaguna, Roz akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye Day One, ile aliyoilala, akanikamata mkono.

"Na yule paka, alipona?"

Nikamwambia kesho usiku tutaiweka tena, mama, ujue mwenyewe.

"Haya," akasema. "Ila safari hii uongeze sauti."